Mpangaji Aligoma Kuamka

Tarehe 3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ikukute juu ya mnara au chini yake, popote, mradi mkanda wa usalama uwe umefungwa. Sisi huku wazima. Mama bado yuko zamu za asubuhi. Anarudi na miguu imevimba, anasema wagonjwa wa mwaka huu wanajua dawa kuliko madaktari. Mimi na shule hatujambo. Mwalimu wa lugha alisifu tafsiri yangu akaniambia niisome mbele ya darasa. Nikasema koo linaniuma. Koo halikuwa linauma, Shangazi, nakwambia wewe tu.

Nimezunguka vya kutosha kama kuku anayetafuta pa kutagia, sasa nitage. Mpangaji haamki.

Ile seva uliyoiunganisha kwa makompyuta yaliyotupwa na ofisi, ukaiweka chini ya ngazi, Baba bado anaiita Mpangaji kwa sababu inakula umeme na kulala bure. Kwa muda mrefu ilikuwa ikinionyesha tangazo kwamba mfumo wake umezeeka na toleo jipya lipo. Nilisoma maelekezo yote, nikaona naweza. Sikuomba ruhusa, maana kuomba kungenilazimu kuongea. Nikaanzisha kazi Jumamosi asubuhi, na katikati ya kazi mashine ikazimika. Nilipoiwasha tena ikatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, halafu ikasimama kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Maandishi yenyewe nimekutafsiria kwa uangalifu, nikitumia kamusi zote mbili: “Taharuki ya kokwa, hailingani. Imeshindwa kupandisha mzizi juu ya tofali lisilojulikana.”

Unajua kilichomo mle ndani. Picha zote za Baba, tangu alipofungua studio, na hakuna kwingine zilipo. Mwalimu mkuu mstaafu alikuja studio mwezi uliopita. Ukumbi wa shule ya zamani unafunguliwa upya mwishoni mwa Aprili, na anataka ukutani pawe na kila darasa ambalo Baba aliwahi kulipiga picha. Baba alikwisha kumkubalia.

Baba hajanigombeza. Aliuliza tu, “Picha zipo?” Nikamwambia zipo.

Shangazi, zipo?

Mwanao,
Kimya


Tarehe 20 Februari

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika na gari la mizigo, imelaliwa na magunia ya saruji, lakini maneno yamepona. Hapa mlimani mtandao hakuna hata ukipanda mnara ukanyoosha simu mbinguni, kwa hiyo tutatibu mgonjwa kwa posta. Umeme wetu unatembea bondeni nguzo kwa nguzo. Mpishi wa kambi amejifunza kupika wali usiogeuka uji, tumempigia makofi. Msalimie sana Mama yako. Wasalimie na majirani wote.

Sasa Mpangaji. Ujumbe wako nilidhani umeniandikia shairi. Nilimsomea msimamizi wetu ile taharuki ya kokwa, akasema, “Huyo mtoto awahishwe hospitali.” Mwanangu, kioo cha mashine hakitafsiriwi, kinanakiliwa. Herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, na hasa pale usipopaelewa. Wewe umenipa maana, mimi nilitaka maneno. Nahisi ninakijua kinachosemwa, lakini sitatoa dawa kwa kuhisi.

Ulichoniuliza nakujibu: zipo. Ndani ya Mpangaji kuna diski mbili. Ndogo ndiyo yenye mfumo, yaani ndiyo inayomwamsha. Kubwa ina picha peke yake. Kilichovurugika kiko kwenye ndogo. Picha ziko gizani tu, hazijafa, na hazitakufa mpaka mtu azifute. Kwa hiyo akitokea fundi wa kusema “tufute kila kitu tuanze upya,” mfukuze. Sijali ameletwa na nani.

Nakili ujumbe vizuri. Kisha uwashe mashine huku ukibonyeza kitufe cha Esc, kile cha pembeni juu kushoto, uone kama italeta orodha ya kuchagua. Na uniambie: ilizimikaje? Umeme ulikatika mtaa mzima, au nyumbani kwenu tu?

Usiogope. Mashine ni kama ng'ombe mkaidi, inataka mtu asiyechoka kabla yake.

Shangazi yako


Tarehe 9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tunafurahi kwamba wali umekuwa wali. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Majirani nimewasalimia kwa kuwapungia mkono, natumaini inahesabika.

Ndani ya bahasha utaona picha ya kioo. Nilianza kunakili kwa mkono, Baba akapita, akatazama nilivyokuwa nikikodoa macho, akaondoka. Akarudi na kamera na kile kigoda chake cha miguu mitatu. Hakuuliza ni ya kumpelekea nani. Alizima taa ya ukumbini kioo kisiakisi, akapiga, na kesho yake akaniletea imechapwa kwa ukubwa ule wa bibi na bwana harusi. Ndiyo maana nimelazimika kuikunja.

Esc nimebonyeza mpaka kidole kikauma. Orodha haitokei. Maandishi ni yale yale.

Halafu fundi alikuja. Baba alimleta kutoka duka la simu lililo karibu na studio. Ni kijana mchangamfu, alichuchumaa chini ya ngazi, akawasha, akacheka.

“Mzee, huyu ameshakufa. Nipe nikamsafishe, jioni unaye mpya.”

“Na vilivyomo?” Baba akauliza.

“Vilivyomo si unajua. Tunaanza upya.”

Akaanza kuchomoa nyaya. Baba alikuwa anatazama ukuta. Nami, Shangazi, nikasimama kati ya fundi na mlango nikasema, “Haiendi.” Nilitaka kuongeza sababu lakini sauti ilikuwa imekwisha. Fundi akamtazama Baba. “Mzee, huyu binti ndiye mwenye nyumba?” Baba akasema, “Leo, naona ndiye.” Fundi akaenda zake. Mimi nilizirudisha nyaya mahali pake, moja moja.

Nilimwuliza Mama kwa nini Baba hakutaji, na kwa nini wewe kwenye salamu zako unamruka hata baada ya kuwafikia majirani. Akasema uliingiza picha kwenye Mpangaji, halafu ukazitupa filamu zake zote bila kumwuliza. Akasema Baba alirudi akakuta makopo matupu. Akasema pia filamu zenyewe zilikuwa zimeliwa na ukungu. Kisha akasema niwaachie wakubwa mambo yao. Nawaachia, lakini nimeuliza.

Kuhusu umeme: ulikatika.

Mwanao,
Kimya


Tarehe 25 Machi

Kimya,

Marahaba. Soksi nimevaa mbili. Juzi upepo ulitulaza chini siku nzima, hakuna aliyepanda, tukacheza karata na msimamizi akashindwa na mpishi. Msalimie Mama.

Picha ya kioo nimeibandika ukutani hemani. Wenzangu wanaulizana ni harusi ya nani. Imenyooka hata kwa rula usingeipata hivyo. Imenipa kila nilichotaka, na cha ziada.

Sikiliza. Kuna kitu kinaitwa kiini, ile kokwa yako, ndicho huamka kwanza kisha kikaamsha mengine. Kiini kinatembea na mkoba wake wa vifaa, na humo mna funguo za diski. Chako kipya kilishuka kikawekwa mahali pake, lakini mkoba ulikuwa haujafungwa kazi ilipokatizwa. Kwa hiyo kinaamka mikono mitupu, kinasimama nje ya nyumba yake na kulia kwamba nyumba hakioni. Ndiyo taharuki yenyewe. Na kiini cha zamani bado kimo, kizima, na mkoba wake. Tutaingilia hapo.

Orodha haikutokea kwa sababu kibodi yenu haina waya. Inachelewa kuzinduka, ukibonyeza hakuna anayekusikia. Tafuta ya waya, uchomeke tundu la nyuma.

Sasa jambo la pili. Unasema umeme ulikatika. Mwanangu, Mpangaji anakaa kwenye betri ya akiba niliyomwekea mimi. Umeme wa mtaa ukikatika yeye hana habari, anaendelea na kazi yake huku nyinyi mnapapasa kiberiti. Ili azimike ghafla lazima plagi yake ichomolewe kwenye betri. Kuna mkono hapo, na namjua mwenyewe. Ni kaka yangu. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akichomoa redio nikiwa nasikiliza, ili achomeke pasi, maana kwake shati lenye kunyanzi ni msiba. Sisemi kwa kulaumu. Nasema kwa sababu nisingejua kwamba kazi ilikatwa, ningekutuma kutafuta diski mbovu mpaka Krismasi. Mgonjwa ukimficha ugonjwa unamwua kwa heshima.

Maelekezo yako nyuma ya karatasi hii, wino unaniishia na karatasi pia. Usiyafanye peke yako. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, na anayesoma ataje kila nukta na kila nafasi. Nafasi moja ikikosewa, amri inakuwa amri nyingine. Mama yako ana sauti nzuri ya kusoma.

Kuhusu filamu sina la kusema.

Shangazi yako


Tarehe 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe, leo salamu ni fupi kwa sababu habari ni ndefu. Wote wazima. Mama amehamishiwa zamu za mchana, ndiyo maana hakusoma yeye.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilichukua karatasi nyingine nikaanza kunakili maelekezo ya upande wa nyuma, ili upande wa mbele usionekane na mtu. Nikafika katikati nikaacha. Kwa nini, hata mimi sijui vizuri. Nilichoka kuwa mtu anayejua. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nilimwona Baba akija na shati mkononi, nikamwona akiinama, na ningeweza kusema “ngoja.” Neno moja. Nilipolipata alikuwa ameshachomoa. Tangu hapo kila mtu aliamini nimeiharibu kwa kuchezea, nami niliona ni nafuu hivyo kuliko Baba kujua kwamba ni mkono wake uliozifungia picha zake.

Jumapili mchana nikampa Baba barua nzima.

“Soma kuanzia juu,” nikamwambia.

“Juu kuna salamu.”

“Ndiyo.”

Akavaa miwani. Alisoma kwa ile sauti yake ya studio, ya inua kidevu, shusha bega. Akasoma soksi, akasoma karata. Kwenye picha iliyonyooka akasita kidogo, akaendelea. Akasoma betri. Akasoma, “Kuna mkono hapo, na namjua mwenyewe. Ni kaka yangu.” Akasoma mpaka kwenye msiba wa shati, neno kwa neno, hakuruka hata moja. Kisha akashusha karatasi.

“Nilikuwa nachelewa harusi ya watu,” akasema.

“Najua, Baba.”

“Ulijua ni mimi?”

“Nilikuwa pale kwenye ngazi.”

“Na ukanyamaza. Mimi nakutazama kila siku kama mwizi wa kuku, wewe kimya.”

Baba alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akageuza karatasi.

“Haya. ‘Kibodi ya waya, tundu la nyuma.’ Unayo?”

Nilikuwa nayo, nimeazima shuleni. Mara ya kwanza nilichelewa kubonyeza, taharuki ikaja. Baba akasema, “Tena.” Mara ya pili nikawahi mno. “Tena.” Nikakosa tena, nikamwambia labda haiwezekani, akasema, “Mtoto akifumba macho kwenye picha hatuvunji kamera. Tena.” Safari hiyo orodha ikatokea! Fupi tu, mistari michache. Baba akasoma, “‘Shuka kwenye chaguo la ziada, kisha kiini chenye namba ndogo.’” Nikashuka. Nikabonyeza.

Maandishi yakaanza kushuka mbio. Yakasimama. Tukasimama nayo. Nadhani Baba alikuwa ameacha kupumua, maana nilisikia alipoanza upya, na hapo Mpangaji alikuwa akiniuliza jina na neno la siri kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikafungua diski kubwa. Shangazi, Baba alikuwa hajawahi kuona ulivyozipanga. Tangu uondoke alikuwa hataki hata kuketi mbele ya Mpangaji. Akavuta kigoda. Hukuzipanga kwa miaka kama watu wengine, ulitumia majina anayoyataja yeye akisimulia: Harusi Iliyonyeshewa. Mapacha Waliokataa Kucheka. Darasa la Watoro. Alikuwa akiyasoma kwa midomo tu, bila sauti. Madarasa yote ya mwalimu mkuu yalikuwepo.

Mwishoni kabisa palikuwa na folda iitwayo Zilizooza. Nilitaka kuiruka. Akasema, “Fungua.” Zilikuwa zile zilizoliwa na ukungu, uso umebaki nusu, mkono hauna mtu. Na kila moja uliipitisha kwenye skana mara kadhaa, kwa mwanga huu na mwanga ule, ukitafuta kilichobaki. Ziko mamia. Baba alizitazama nyingi, na chai yake ikapoa. Kisha akasema, na nakuandikia kama alivyosema:

“Hizi hata mimi ningezitupa.”

Amri za mwisho, zile za kumalizia kazi iliyokatika, hatujaziandika. Baba amesema anazihitaji picha za ukumbini kwanza, ndipo tumguse tena mgonjwa. Naona ana haki.

Mwanao,
Kimya


Tarehe 27 Aprili

Kimya,

Marahaba. Haraka haraka, gari linaunguruma. Amefanya vyema kukuzuia. Usimalizie toleo jipya kabla picha hazijawa na nakala kwenye diski nyingine, nje ya Mpangaji, na mbali na nyumba hiyo. Lilikuwa kosa kuondoka kabla ya kulifanya hilo. Na chumba cha diski ndogo ambamo Mpangaji anahifadhi viini nilikikata kidogo mno, kwa hiyo uondoe viini vizee kwanza, ila kile unachokitumia usikiguse.

Picha za folda ile nilitaka kuzirekebisha kabla hajaziona. Mwambie kwamba…

Basi, usimwambie kitu. Nitaona.

Shangazi yako


Tarehe 16 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Uwe mzima, na upepo ukuache upande mnara. Mama hajambo, miguu imepungua kuvimba. Ukumbi ulifunguliwa. Watu wazima walikuwa wakitafutana ukutani kama watoto, mmoja alimkuta mwalimu wake akamwamkia kwenye picha. Mwalimu mkuu alimwuliza Baba picha zilikuwa wapi zikakaa salama hivi, Baba akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. Nikaeleza. Sauti ilitetemeka, lakini nilifika mwisho, na koo sikulisingizia.

Barua yako ilifika tukiwa tumeshaanza. Niliona mwenyewe kwamba chumba cha viini kimejaa, kwa hiyo nilikuwa nimeshaondoa vizee, na kile cha kutuokoa nilikiacha. Nakala ya picha ilikuwa tayari. Basi nikaandika zile amri za kumalizia, Baba akitaja nukta na nafasi. Kiini kipya kikafunga mkoba wake. Tukazima, tukawasha. Akaamka peke yake, toleo jipya, bila Esc, bila taharuki. Tulimzima tukamwasha tena ili kuhakikisha. Baba alitaka na ya tatu, kwa raha tu.

Sasa, hiki kisanduku kilichokuja na barua. Ndani kuna diski, na ndani ya diski kuna picha zote, hata Zilizooza. Nilimwambia Baba umesema nakala ikae mbali na nyumba. Nilidhani atasema ipelekwe kwa mwalimu mkuu au iwekwe studio. Akaichukua mezani, akaivika vitambaa vya kufutia lenzi, akaitia kwenye kopo refu la filamu, mojawapo ya yale uliyoyaacha matupu, na kopo akalitia kisandukuni. Mama akamwuliza, “Unampelekea huyo huyo?”

“Huyo huyo,” Baba akasema. “Unamjua mwingine wa kuhangaika na picha zilizooza?”

Nilimpa kalamu aongeze neno lake hapa chini. Amekataa. Ameniambia tu nikuandikie kwamba kamba ya kisanduku ameifunga yeye, na fundo ni gumu. Usilikate kwa kisu, keti ulifungue taratibu.

Mwanao,
Kimya